Mita 19.4 Kutoka Relini

Blogu imekuwa kimya kwa wiki sita. Wale wawili mlioniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha mambo ya programu, jibu ni hapana. Nilikuwa na shughuli ya familia, na shughuli hiyo ikageuka kuwa kazi ya ramani, kwa hiyo leo mtanivumilia. Kuna treni, mitumba, sheria ya ardhi na Python kidogo ndani yake. Ukiona ni ndefu, chemsha chai kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu anauza nguo za watoto Soko la Toi, lile lililo kati ya Kibera na Adams Arcade, ukishuka Ngong Road. Amekuwa pale tangu nikiwa shule ya msingi, na ada yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye suruali ndogo ndogo na sweta za shule. Miaka yote hiyo amekuwa mpangaji, Makina, dakika kumi kwa miguu kutoka kibandani. Mwaka huu chama chao kiligawana akiba, akapata shilingi 480,000. Hajawahi kushika pesa nyingi hivyo kwa wakati mmoja. Na kama ijulikanavyo, pesa zikiingia, dalali huzisikia harufu. Akaletewa habari ya nyumba: ya mawe, vyumba vinne, mabati mapya, umeme wa tokeni, choo chake. Bei 780,000, haipungui.

Pengo la 300,000 lilikuwa langu kuziba. Hizo ndizo akiba zangu zote tangu nipate kazi ya kueleweka ya kuandika programu. Sikusita sana, maana mama ni mama. Nilichouliza ni kwa nini nyumba ya mawe yenye vyumba vinne iuzwe bei ya gari kuukuu. Dalali akajibu haraka mno: "Iko karibu na reli kidogo."

Hilo neno "kidogo" ndilo lililonikalia kichwani. Kidogo ni mita ngapi?

Kwa ambao hamjafika, reli ya Kibera si kitu cha pembezoni. Ni barabara kuu ya watu wa miguu, ni soko, ni kiwanja cha watoto, na mara chache kwa siku ni reli. Akina mama hupanga sukuma wiki na omena juu ya mataruma, kinyozi ana kiti chake hatua tatu kutoka kwenye chuma, na honi ikisikika kila mtu anajua amebakiwa na muda gani. Kuna lile soko maarufu la Maeklong kule Thailand ambalo watalii hulipa kwenda kuona wachuuzi wakikunja maturubai treni ipite. Sisi tunaliona bure, na hakuna anayetupiga picha kwa heshima.

Reli hii ni nzee kuliko Nairobi yenyewe, au tuseme ni mama yake. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, chuma kikafika kwenye kinamasi hiki Mei 1899, na mwaka 1901 kikafika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu. Mji ulikua kwa sababu treni ilisimama hapa. Kibera ikaja baadaye kidogo: askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walianza kukaa msituni hapa mwaka 1904, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. (Na kwa wale wanaodhani mtaa wa Laini Saba umepewa jina la reli: wazee wa hapa husimulia kwamba ni laini za kulengea shabaha za hao hao askari. Mimi mwenyewe niliamini ni reli mpaka nikiwa kidato cha pili.)

Jambo muhimu ni hili: serikali ya mkoloni haikuwapa Wanubi hati, wala serikali zilizofuata hazikuharakisha. Ni mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288, nayo ni ya jamii, si ya mtu mmoja mmoja. Sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya serikali. Kwa hiyo mtu akikwambia anauza nyumba Kibera, mara nyingi anakuuzia kuta, paa, na mazoea ya majirani kukutambua. Mkataba huandikwa kwa kalamu, mzee wa mtaa akiwepo, pengine na chifu, mashahidi wawili, sahihi, picha kwa simu, basi. Udongo ulio chini haumo kwenye mkataba.

Nilipomweleza Mama hivyo alinitazama kama mtu anayeelezewa kwamba maji yana unyevu. "Wewe, nani Kibera ana hati? Kama nataka hati niende Kawangware." Na ni kweli. Kawangware, safari fupi tu ya matatu kutoka hapo, ardhi ina hati za watu binafsi tangu zamani, familia zinajulikana, wakili anafanya upekuzi, unalipa, unaandikwa. Nyumba za mabati za kule na za huku zinafanana kabisa kwa macho. Tofauti iko kwenye karatasi. Lakini plot yenye karatasi Kawangware ni mamilioni, na Mama ana laki nne na themanini. Basi hiyo tukaifunga.

Kwa hiyo swali langu halikuwa "kuna hati?" Hakuna. Swali lilikuwa: kati ya nyumba zote zisizo na hati, hii ina hatari zaidi ya nyingine? Na hapo ndipo mita zinapoingia.

Mwaka 2004 notisi zilitolewa kwamba kila aliyejenga ndani ya mita 30 kutoka relini, kila upande, ahame. Maelfu ya watu waliguswa, Kibera na Mukuru. Makelele yakawa mengi, kufukuzwa kukasitishwa, na badala yake ukaanza mpango mrefu wa kuhesabu watu na kuwahamisha kwa utaratibu, kwa fedha za Benki ya Dunia. Maafisa walikwenda mpaka Mumbai, ambako maelfu ya familia zilizoishi kando ya reli zilihamishwa baada ya kujihesabu zenyewe, nyumba kwa nyumba. Matunda yake huku unayaona ukipita: ukuta kando ya reli, na majengo ya vyumba na vibanda yaliyojengwa kwa ajili ya waliohesabiwa. Wakati huo huo reli yenyewe ilikuwa na matatizo yake. Ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, Januari 2008 vijana wenye hasira za uchaguzi waking'oa vyuma hapa hapa Kibera na mizigo ya Uganda ikakwama, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa kabla hata ya nusu yake kutimia.

Mwaka huo huo wa 2017 reli mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, ilifunguliwa kutoka Mombasa. Wengi tukadhani hii ya zamani ya mita moja itakufa polepole na magugu kuota. Dalali wetu alilitumia sana hilo. "Hii treni ni ya makumbusho, Mama. Miaka mitano hutaisikia." Lakini wapi! Reli ya zamani ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ikarudi. Ukitaka kujua kama nyumba iliyo kando ya reli itaguswa, usiangalie nyumba. Angalia kama reli ina kazi. Reli isiyo na kazi haimfukuzi mtu.

Haya, sasa sehemu ya wapenzi wa kompyuta. Wengine mnaweza kuruka aya nne.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kulipima jambo hili nikiwa nimekaa kitini, kama tulivyofundishwa. Ramani ya Kibera ipo, tena nzuri. Kabla ya 2009 ukifungua ramani nyingi za mtandaoni ulikuta eneo tupu, kana kwamba mamia ya maelfu ya watu wanaishi ndani ya hewa. Mwaka huo mradi wa Map Kibera ukawapa vijana wa hapa vipokezi vya GPS, wakatembea vichochoroni wakarekodi kila kitu, visima, zahanati, makanisa, vyoo, na data yote ikaingia OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Maana yake leo mtu yeyote anaweza kupakua mstari wa reli ya Kibera bure, ukiwa ni orodha ya nukta zenye latitudo na longitudo.

Ukiwa na nukta za reli na nukta ya nyumba, kilichobaki ni umbali kutoka nukta hadi mstari. Usifanye hesabu hiyo kwa nyuzi moja kwa moja. Zibadilishe kwanza ziwe mita. Nairobi iko kwenye eneo la UTM 37 kusini, msimbo wake EPSG 32737. Maktaba ya pyproj inabadilisha, Shapely inapima, mistari kumi na miwili ya Python na chai haijapoa. Mabadiliko hayo yanavuta umbali kidogo sana. Kwa mita 20 kosa lake halifiki sentimita moja.

Tatizo haliko kwenye hesabu. Liko kwenye nukta. Nilisimama mbele ya mlango wa ile nyumba nikarekodi mahali nilipo mara 15 kwa simu yangu, kwa muda wa dakika 20, huku watoto wakiniuliza kama mimi ni wa sensa. Nikaingiza nukta zote kwenye skripti. Jibu la chini kabisa lilikuwa mita 18, la juu mita 36. Nyumba haikusogea, niliyesogea ni mimi, angani, kwa mujibu wa setilaiti. Mahali penye anga wazi simu huweza kukosea kwa mita tano hivi. Katikati ya paa za mabati na kuta zinazokaribiana, mawimbi hudunda kwanza kwenye bati ndipo yafike kwenye simu, nayo simu hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Ongeza kwamba mstari wa reli wenyewe kwenye ramani umechorwa kufuata picha za angani, na picha hizo zinaweza kuwa zimekaa pembeni kwa mita kadhaa.

Sasa, mita 18 ni ndani ya 30. Mita 36 ni nje. Yaani kifaa changu cha maelfu ya shilingi kiliniambia kwamba nyumba iko ndani, au nje. Asante sana! Kwa kutafuta njia ya haraka ya kutoka Toi hadi Kenyatta, ramani hiyo inatosha na kubaki. Kwa kuamua kama laki tatu zako zitalala au zitaamka, haitoshi.

Jumapili iliyofuata nikaazima kwa fundi mmoja tepu ya mita 30, ile ya kitambaa ya njano. Mama akashika mwanzo wake katikati ya vyuma viwili vya reli, mimi nikaivuta juu ya kokoto, nikapita kwenye meza ya muuza nyanya aliyetukubalia kwa masharti kwamba tununue za hamsini, nikafika ukuta wa nyuma. Mita 19.4. Tukazunguka, tukapima hadi mlango wa mbele. Mita 27.1. Nyumba nzima, kuanzia msingi wa nyuma hadi kizingiti, ilikuwa ndani ya ile mita 30. Hata ndoo ya maji pale mlangoni ilikuwa ndani.

Mwenye nyumba alitoka akatukuta. Mzee mpole, kofia kichwani, hakukasirika.

"Mnapima nini, kijana?"

"Umbali na reli, Mzee."

"Hiyo treni nimeishi nayo miaka 31," akasema. "Haijawahi kuingia sebuleni."

Mama alicheka mpaka tepu ikamponyoka. Mzee akatuingiza ndani, tukapewa chai ya tangawizi, na bahati nzuri au mbaya treni ikapita. Niliwasha programu ya kupima sauti kwenye simu, kisha nikaizima, maana haikuwa na la kuniambia ambalo vikombe havikusema. Viligonga visahani vyake kama meno ya mtu mwenye baridi. Ukutani, kutoka kona ya dirisha, ulikuwepo ufa mwembamba uliozibwa kwa simenti na kufunguka tena juu ya simenti. Mzee alisubiri treni ipite, kisha akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia. Ndivyo wanavyozungumza watu wa pale, nimekuja kugundua. Hawapazi sauti. Wanangoja.

Tulipokuwa tunaondoka kupitia nyuma, niliona namba juu ya mlango, imeandikwa kwa rangi nyekundu na kupakwa chokaa ambayo haikuifunika vizuri. Nikamuuliza Mzee. "Za wale watu wa kuhesabu," akasema, akafunga mlango.

Namba ile ilinisumbua kuliko ufa. Katika mipango ya namna hii ya kuhamisha watu, na Benki ya Dunia hulisisitiza jambo hili, huwekwa tarehe ya kikomo. Aliyehesabiwa kabla ya tarehe hiyo ana haki ya kufikiriwa. Anayekuja baada yake, hata akiwa na mkataba na mashahidi kumi, huhesabika kuwa amekuja kwa kujua. Inaeleweka, vinginevyo kila mtu angehamia kando ya reli wiki ya kuhesabu. Lakini kwetu maana yake ilikuwa kwamba namba hiyo, kama iliwahi kuwa na thamani, ilikuwa ya Mzee. Haiuzwi pamoja na mlango. Mama angenunua kuta na kuachiwa hatari, haki ibaki na aliyeondoka.

Na kama unafikiria "akikaa miaka mingi si itakuwa yake?", hapana. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake miaka 12 bila kupingwa kudai iwe yake, lakini ardhi ya umma imeondolewa kwenye kanuni hiyo. Unaweza kukaa miaka 12, 31 au 100. Dhidi ya serikali saa haianzi kuhesabu.

Nikafanya hesabu ya pesa, kwa sababu Mama ni mfanyabiashara na hesabu ndiyo lugha tunayoelewana. Chumba pale hukodishwa 4,500. Angekaa kimoja, akodishe vitatu: 13,500 kwa mwezi. Kurudisha 780,000 ni miezi 58 hivi, karibu miaka mitano, bila kukarabati chochote na bila mpangaji kuhama usiku. Sasa weka hatari. Tuseme kila mwaka kuna nafasi moja kati ya kumi ya tingatinga kuja. (Namba ni yangu, ya kujaribia tu.) Nafasi ya nyumba kuwa imesimama baada ya miaka mitano ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani kama asilimia 59. Ukisema moja kati ya tano, inashuka hadi asilimia 33. Nilichora jedwali, nikalipaka rangi, kijani hadi nyekundu, nikalipeleka kibandani nikiwa nimejiandaa kwa mabishano.

Mama alikuwa anafungua mtumba mpya. Kwa wasioijua kazi hii: mtumba ukifunguliwa, nguo hupangwa kwa daraja. Za juu kabisa, safi kama mpya, huitwa kamera, na wateja wakubwa huja alfajiri kuzigombania. Za chini, za kumalizia, ni fagia. Faida yako yote inategemea macho yako dakika ile. Aliangalia jedwali langu kwa heshima, akalirudisha, akaendelea kupanga.

Akasema jedwali ni zuri lakini linatisha watu wengine, si yeye. Toi iliteketea wakati wa vurugu za uchaguzi wa 2007, yeye akabaki na nguo alizovaa. Ikaungua tena Machi 2019. Ikaungua tena Juni 2024, safari hiyo na watu wakafa. Mtu aliyefanya biashara Toi miaka hii yote, ukimwambia ana asilimia 59, atakuuliza kwa nini unalalamika.

"Lakini sikiliza," akasema. "Soko likiungua, mimi napoteza nguo na mbao. Mahali pangu pako. Ule mwaka wa vita tulirudi, tukapima wenyewe kwa kamba, kila mtu akaoneshwa pake, mimi hapa, jirani yangu pale. Baada ya mwezi nilikuwa nauza. Ile nyumba ya Mzee ikija kubomolewa, haibomolewi ukuta. Panabomolewa mahali. Nitarudi wapi?"

Nimesomea kompyuta miaka minne na sikuwa nimeiweka hivyo. Jedwali langu lilihesabu hasara zote kama za aina moja. Yeye alikuwa amezigawa mbili: hasara ya kitu, ambayo ameshaimudu mara tatu, na hasara ya mahali, ambayo haina kuanza upya. Kibera yenyewe inaijua hiyo ya pili. Julai 2018 tingatinga zilipita katikati ya mtaa kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakalala nje. Sasa ni lami. Huwezi kurudi kupima kwa kamba juu ya lami.

Kisha akaongeza, huku akikunja sweta, "Ile nyumba ni fagia iliyopigwa pasi." Hapo nikajua tumemaliza.

Ila Mama hakatai kitu bila kutaja bei, hiyo ni tabia ya soko. Alimrudia Mzee akamwambia atanunua kama biashara tu, si kama nyumba ya kukaa, kwa pesa zinazoweza kurudi ndani ya miaka miwili. Vyumba vinne, 18,000 kwa mwezi, miezi 24: 432,000. Asingehitaji hata senti yangu. Mzee alicheka kwa adabu, akamwongezea chai, akakataa. Wiki tatu baadaye iliuzwa kwa mtu mwingine. Mnunuzi ameipaka rangi ya kijani na kutoboa ukuta wa nyuma akaweka dirisha la duka linaloelekea relini. Linauza mkate, muda wa maongezi na mayai, na lina wateja. Mama hupita hapo kila asubuhi. Hajasema lolote kuhusu duka hilo, ila naona anahesabu mikate.

Pesa zake ziko kwenye Sacco. Tumeanza kuangalia upande wa Kikuyu, tununue kipande kidogo kwa pamoja, na cha kuchekesha ni kwamba reli ni ile ile, inapanda kutoka Kibera kuelekea huko. Vipande vya bei nafuu viko wapi? Kando yake, bila shaka. Tofauti ni kwamba kule wanakuonesha hati, na hati ina namna yake ya kukulaza usingizi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hati peke yake haikulindi kama shina lake ni bovu: kama ardhi ilikuwa ya umma na ikatolewa kinyume cha utaratibu, aliyenunua baadaye anaondoka mikono mitupu hata kama alinunua kwa nia njema. Kwa hiyo upekuzi wa leo ni mwanzo tu. Tunataka kujua nani alipewa kwanza, lini, na nani, na mpimaji aliyesajiliwa atuoneshe vigingi viko wapi ukilinganisha na hifadhi ya reli. Mpimaji ni gharama, ndiyo. Vifaa vyake vinapima kwa sentimita, na havihitaji kununua nyanya.

Skripti ya umbali nimeisafisha, na sasa inachora pia duara la mashaka kuzunguka kila nukta badala ya kujifanya inajua. Wiki ijayo nitaiweka hapa pamoja na maelezo ya kusakinisha pyproj kwenye Windows, maana hapo ndipo wengi hukwama. Laki tatu zangu bado ninazo, msiniombe. Na Mama amesema nisisahau kuwaambia kwamba mtumba mwingine wa nguo za watoto unafunguliwa Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, na kamera haingoji mtu.